Nta ya Kopo au Nta ya Maji? Mwongozo kwa Mwenye Gari na Majirani Zake

Gari lako lilizaliwa Japani, likatumika huko mpaka wenyewe wakalichoka, likavuka bahari, likalipiwa ushuru unaokaribia bei yake, na sasa limefika mikononi mwako. Limebakiza swali moja zito: lipakwe nta ya kopo au nta ya maji? Maswali mengine, kama lini lilibadilishwa oili mara ya mwisho, yanaweza kusubiri. Oili haionekani na jirani.

Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: jitambue

Wauzaji watakwambia uchague kulingana na rangi ya gari. Usiwasikilize. Chagua kulingana na tabia yako.

Nta ya kopo ni ile ngumu, inayokaa kwenye kopo bapa na kuchotwa kwa sponji. Imelainishwa kwa viyeyushi, ndiyo maana ukifungua kifuniko unasikia harufu ya duka la rangi. Hii ni nta ya mstaafu, ya mtu mwenye Jumamosi nzima, redio, kigoda na jambo analolikwepa ndani ya nyumba. Inataka mkono, na haitaki mtu wa kuangalia saa.

Nta ya maji huja kwenye chupa, ya kumimina au ya kupuliza. Hii ni ya mtu mwenye harusi saa nane mchana ambaye saa sita bado yuko kwenye foleni ya kuosha gari. Inapakika upesi, inafika kwenye kona za vitasa na nembo ambako sponji la kopo hukwama, na haidai jasho.

Kuhusu mng'ao, usipigane na mtu. Siku ya kwanza, zikiwa zimepakwa vizuri, hakuna shemeji atakayesimama mita tatu kutoka kwenye gari lako akatofautisha.

Hatua ya pili: jifunze asili yake, upate la kusema kijiweni

Nta inayosifiwa zaidi ni ya karnauba. Inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil. Mti hujipaka wenyewe ili usipoteze maji wakati wa kiangazi. Watu hukata majani, huyakausha, kisha huyapiga mpaka nta idondoke. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi, wakati nta ya nyuki wetu wa Tabora huyeyuka kwenye sitini na kidogo. Nta hiyohiyo ya karnauba hupakwa kwenye pipi na vidonge ili ving'ae. Kwa hiyo inawezekana mwanao amekwisha kupata huduma ambayo gari lako bado linaisubiri.

Nta nyingi za maji za siku hizi zina kemikali za kiwandani badala ya karnauba, au pamoja nayo. Hizi kwa kawaida hudumu zaidi: nta ya asili hukaa wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu, za kiwandani huweza kuvuka hapo. Chupa ikiandika miezi sita, iheshimu kama unavyoheshimu ahadi za kampeni. Miezi hiyo ilihesabiwa kwa gari linalolala gereji, si kwa gari linalolala chini ya mwembe na kuamkia vumbi la barabara ya mtaa.

Nta ya maji ina historia ya kibiashara inayostahili kusomwa na vijana wetu wa kwenye mataa. Ben Hirsch, mwanzilishi wa kampuni ya nta ya Turtle Wax, alianza miaka ya 1940 huko Chicago. Husimuliwa kwamba alikuwa akienda nje ya uwanja wa Wrigley Field, anang'arisha upande mmoja wa magari yaliyoegeshwa, kisha anawasubiri wenyewe watoke kwenye mechi ili wamlipe amalizie uliobaki. Ukifutiwa kioo pale kwenye taa nyekundu kabla hujasema ndiyo wala hapana, usikasirike. Umekutana na mwekezaji wa hatua za awali.

Hatua ya tatu: mkwepe mshauri wa ndoo

Mahali pa kuoshea magari, kijana atainama dirishani na kusema: "Bosi, tupige na waksi? Gari litoke kama jipya!" Muulize ni ya kopo au ya maji. Ataleta chupa iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa, ndani yake kuna kitu cheupe chenye harufu ya ndimu. Kitu hichohicho hupakwa kwenye matairi, dashibodi na, ukichelewa kumzuia, kwenye usukani. Mara nyingi ni silikoni. Inang'aa kweli, na inapenda vumbi kuliko inavyokupenda wewe. Wahenga walishamaliza: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Huyu kijana si tapeli. Wewe ndiye uliyetaka muujiza kwa bei ya soda.

Hatua ya nne: osha kwanza, kwa maji ambayo hayajaosha Noah tatu

Punje ya mchanga iliyojificha kwenye taulo huandika kwenye rangi yako kile ambacho hakuna nta ya kukifuta. Kopo lina hatari yake hapa: sponji likidondoka chini kisha likarudishwa ndani, umekwisha kutengeneza msasa wenye harufu nzuri. Likidondoka, chukua lingine. Usilipulize kwa mdomo kama andazi la mtoto.

Sabuni ya unga nayo huondoa nta ya zamani pamoja na uchafu. Ukiitumia kila wiki kisha ukalalamika kwamba nta haidumu, mshitaki na mshitakiwa ni mtu mmoja.

Hatua ya tano: tafuta kivuli, ukubali kunguru

Nta haipakwi kwenye boneti la moto. Inakauka kabla hujaisambaza, inaacha michirizi, na kuifuta kunakuwa kibarua. Weka kiganja, ukiweza kukiacha hapo bila kusaga meno, endelea.

Dar es Salaam na Mombasa, kivuli maana yake ni mti, na mti maana yake ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, yaani waliajiriwa kwa kazi ya usafi. Kinyesi cha ndege kikikaa juani hula rangi, na kazi moja ya kweli ya nta ni kukupa muda wa kukifuta kabla hakijazama. Hivyo unapaka nta chini ya kunguru ili ujikinge na kunguru. Usitafute mantiki, tafuta kitambaa.

Hatua ya sita: paka kidogo kuliko moyo wako unavyotaka

Wengi huamini kwamba nta ikiwa nene, mng'ao utakuwa mnene. Inayobaki kwenye gari ni utando mwembamba tu. Ziada yote inahamia kwenye taulo, na taulo halina haja ya kung'aa. Paka mlango mmoja, subiri uwe na ukungu, kisha pitisha kidole. Kikiacha njia safi inayong'aa, futa. Kikiacha mchirizi wa utelezi, subiri. Kaa mbali na plastiki nyeusi za bampa, hasa ukiwa na kopo, kwa sababu nta ikikauka pale huacha weupe utakaoulizwa habari zake mwezi mzima.

Ukitaka kujua kama nta bado ipo, mwaga maji. Yakijikusanya vitone vitone na kukimbia, ipo. Yakitandaa na kutulia, iliondoka bila kuaga.

Hatua ya saba: usiitume kazi isiyo yake

Nta haifuti mikwaruzo. Hiyo ni kazi ya polishi, ambayo hukwangua rangi kidogo, kwa hiyo haifai kila mwisho wa wiki. Nta haifufui klia, lile tabaka la juu ya rangi, iliyokwisha kubanduka paani; hapo muone fundi rangi. Haioteshi tena meno ya tairi lenye kipara. Wala haizimi ile taa ya injini unayoificha kwa kibandiko.

Uamuzi

Una muda, kivuli na bega zima: kopo. Una haraka, gari refu na mgongo wa ofisini: chupa. Na kama mpaka hapa bado hujaamua, fungua buti, sogeza tairi la akiba na ile jeki iliyokufa. Yumkini kuna nta uliyoinunua mwaka juzi, haijafunguliwa. Hiyo ndiyo bora kuliko zote. Anza na boneti.