Ulichelewa, Baba

Jirani yangu wa Mkonze aliwahi kukopa pikipiki, marejesho yakamshinda, akashtakiwa. Hukumu ikatoka, ikakazwa mpaka makochi yakabebwa. Deni likaisha. Makochi hayakurudi, ila yeye alihesabu mambo yamekwisha.

Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, kila mwenye kiwanja huku kwetu anajiona mheshimiwa mtarajiwa. Naye akapiga shati pasi, akaenda kuomba mkopo wa nyumba. Dada wa mikopo akabonyeza kompyuta, akamtazama kama daktari mwenye majibu mabaya. Kumbe tangu Benki Kuu itoe kanuni za taarifa za mikopo, 2012, ile kompyuta haisahau, kama shangazi anayekumbuka nani hakuchanga msibani.

“Lakini nililipa, dada.”

“Tunaona, baba. Tunaona pia ulichelewa.”

Hajafika kituo cha daladala, simu ikalia: mkopo wa papo hapo, bila dhamana! Wale wa kausha damu hawaulizi hukumu ya mahakama, wana zao.

Sasa anajenga mwenyewe, mistari miwili ya matofali kila mwezi akijaliwa. Ukuta umefika dirishani. Mbuzi wangu wameshahamia.