Jinsi ya Kupima Mnazi, Nyumba na Sufuria kwa Uwiano: Mwongozo kwa Asiyeogopa Hasara

Kwanza, hakikisha maumbo yako yanafanana. Kufanana huku si kule kwa mtoto na babake. Pembe za hili ziwe sawa na pembe za lile, na kila upande ukizidishwa kwa namba moja ileile utoe upande mwenzake. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 na kingine cha 15 kwa 20 vyote ni mstatili, lakini cha kwanza ni mbili kwa tatu na cha pili ni tatu kwa nne. Havifanani. Wewe utaona vinafanana, kwa sababu ramani ya jirani umeshaipenda. Endelea tu, wote huanzia hapo.

Jaribu na mnazi, maana mnazi haudai fidia. Chomeka fimbo ya mita 1 wima, pima kivuli chake, kisha upime kivuli cha mnazi wakati huohuo. Fimbo ikitoa sentimita 80 na mnazi mita 12, gawa 12 kwa 0.8: mnazi una mita 15. Thales wa Mileto anasimuliwa kuwa alipima piramidi ya Misri kwa kivuli bila kukwea jiwe hata moja. Kwa piramidi kuna mtego: urefu wake husimamia katikati, si ukingoni. Ile ya Khufu ina kitako cha mita 230 hivi, kwa hiyo mita 115 za kipimo chako zimejificha chini ya mawe. Mnazi hauna kitako cha namna hiyo, ila hausimami wima. Ukiinamia jua kivuli kinafupika, ukiinamia upande wa pili kinarefuka. Mti wa kitabuni umenyooka, utafute huo. Na kama uko Dar es Salaam, epuka adhuhuri za Machi na Oktoba, siku jua linapopita utosini. Kivuli cha fimbo hunywea kikaisha, ukabaki unagawa kwa sifuri mbele ya watoto.

Darasani sheria ni mbili na hakuna anayezitamka. Jibu likitoka na desimali ndefu, futa, kwa sababu mtunzi alianza na jibu zuri akarudi nyuma kutafuta swali. Na usiguse mchoro kwa rula: upande ulioandikwa 6 unaweza kuwa mrefu kuliko ulioandikwa 9, na wewe utaamini maandishi. Hii ya pili ishike vizuri. Itakuponza ukubwani.

Sasa jenga. Mchoraji amekupa ramani kwenye karatasi ya A3, na pembeni ameandika 1:100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Chumba chako cha mita 4 kwa 4 kina sentimita 4 kila upande. Karatasi ni kubwa, haikai kwenye bahasha, basi peleka steshenari wakutolee kopi ya A4. Mashine itapunguza kila mstari hadi asilimia 71 hivi, kwa uaminifu mkubwa: pembe zilezile, uwiano uleule, maumbo yanayofanana kama kitabu kinavyotaka. Kitu kimoja tu hakitabadilika maana: yale maandishi ya 1:100. Herufi zitakuwa ndogo zaidi, lakini zitaendelea kusema 1:100 kwa sauti ileile. Ukweli sasa ni kama 1:141, na hakuna atakayeuandika.

Mpe fundi kopi hiyo. Vipimo vilivyoandikwa vimefifia havisomeki, kwa hiyo ataweka rula, atasoma sentimita 2.8, atavuta kamba mita 2.8. Wewe simama pembeni, mikono nyuma, useme "hapo sawa". Chumba kimepungua upande kwa chini ya theluthi, lakini eneo limetoka mita za mraba 16 hadi karibu 8, nusu hivi, kwa sababu eneo hufuata uwiano mara mbili: wa urefu, kisha wa upana. Ingiza kitanda chako cha sita kwa sita. Itabaki kama mita moja, ambayo kabati litaichukua. Mlango nao, kama fundi ameusoma kwa rula ileile, utashuka kutoka mita 2.1 hadi mita 1.5. Tofali la inchi sita halitapungua, mama mkwe pia hatapungua. Kabla ya kumwaga zege ungeweza kupima kwenye kopi ukuta mmoja unaoujua urefu wake, ukagundua yote haya kwa dakika moja. Hutapima. Ramani ina muhuri.

Vigae havina hadithi ndefu: ukiongeza kila upande wa sebule mara mbili, vigae vinakuwa mara nne. Muuza vigae anajua, na hatakukumbusha mpaka gari limeondoka.

Mwisho, pika. Wageni wameongezeka maradufu, kwa hiyo utatafuta sufuria yenye upana mara mbili na kina mara mbili. Itabeba mara nane. Kitako chake, kinachopokea moto, kimeongezeka mara nne tu, kwa hiyo pilau litaungua chini huku katikati likingoja. Kwa wageni maradufu, sufuria ya sentimita 30 ilihitaji kufika 38 hivi, na kina kiongezeke kwa kiasi hichohicho. Hesabu hiyo hutoka kwenye kipeuo cha tatu cha mbili. Mpishi wa shughuli hajawahi kukihitaji. Wageni wakizidi, huazima sufuria ya pili ya saizi ileile, akaiweka kwenye mafiga mengine. Usimfuate. Wewe umeshaanza kukokotoa.