Altezza, Mwajiri wa Wengi

Washairi wa pwani waliusifu mnazi kwa sababu hauna kiungo cha kutupa: nazi kwa tui, makuti kwa paa, makumbi kwa kamba, chelewa kwa fagio, hadi kifuu kikapata kazi ya upawa. Mnazi umekwisha kusifiwa na hautudai kitu. Leo nasimama kuisifu Altezza yangu, namba B, iliyokufa injini ikafungwa nyingine, kisha ikapigwa rangi kwa bajeti ya mtu mwenye watoto shuleni. Nayo haina kiungo cha kutupa. Ila kila kiungo cha mnazi kina kazi, na kila kiungo cha Altezza kina fundi wake.

Haifai kumsifu mtukufu bila kutaja nasaba. Toyota waliitoa Altezza mwaka 1998, na Wajapani wakaipa tuzo ya gari la mwaka kwa msimu wa 1998 na 1999. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Taa zake za nyuma, zile za mviringo zilizokaa ndani ya kioo cheupe, ziliigwa duniani kote, hata leo huitwa taa za Altezza zikiwa zimefungwa kwenye gari ambalo halina undugu nayo. Mita yake imechorwa mithili ya saa ya mkono ya wapima mbio, vijisaa vitatu ndani ya saa kubwa. Na ile iitwayo RS200 ilizaliwa na injini ya 3S-GE, silinda 4, lita 2, hedi iliyopitia mikono ya Yamaha, nguvu za farasi 210 kwa gari la gia za mkono. Farasi hao hukutana wote pale injini inapozunguka mara 7,600 kwa dakika. Kati ya Ubungo na Mwenge, saa moja asubuhi, mkutano huo haujawahi kufanyika.

Injini ile ilinoki. Ilianza kula oili kimyakimya, ikaendelea kwa kugonga, ikamalizia kwa kuzimika chini ya daraja la Mfugale pale Tazara, saa ambayo Gongo la Mboto yote ilikuwa inarudi nyumbani. Tangu hapo sifa za gari hili zimekuwa zikiongezeka tu. Gari lisilo na injini halikai foleni wala halipigwi tochi ya mwendo kasi. Mafuta halinywi. Na kwa kuwa mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, Altezza yangu ikiwa juu ya mawe haikuwa na deni na taifa, hali ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuifikia. Mlinzi wa mtaa alinihakikishia kwamba hilo ndilo gari pekee analoweza kulilinda akiwa amelala.

Hizo ni sifa ndogo, nazipita. Sifa kuu, ile inayonipa ujasiri wa kuiketisha Altezza meza moja na wizara, ni ajira.

Kila anayepanda jukwaani huahidi ajira kwa vijana. Altezza haikuahidi, ilitoa. Kabla ya kunoki ilikuwa imemwajiri mtu mmoja, yaani mimi, nikiwa dereva. Ilipofikishwa gereji, chini ya mwarobaini, ikafungua idara. Idara ya Injini ina fundi mkuu na saidia fundi wawili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kushika tochi. Kushika tochi ni cheo. Kina masharti yake: usiimulike nati inayofunguliwa, mulika ile iliyo jirani. Idara ya Ugavi ni kijana anayetumwa kununua boliti ya 12, anarudi na ya 14, kwa hiyo bodaboda anapata tripu mbili mahali pa moja, na fedha inazunguka mtaani namna wachumi wanavyopenda izunguke. Idara ya Umeme ni fundi asiyelala chini ya gari. Idara ya AC ni fundi asiyegusa waya. Yupo wa rejeta, yupo mchomeleaji wa mauntingi, na yupo mtaalamu anayekuja na mashine ya kupimia, anachomeka, anasoma makosa yote kwa sauti, anapokea chake na kuondoka. Nikamuuliza, sasa makosa haya nani anayaondoa? "Mimi napima tu, bosi."

Idara zote hukutana katika baraza, nalo ni boneti. Boneti hufunguliwa, wajumbe huizunguka mikono kiunoni, na akidi ikitimia mmoja hutikisa kichwa. Posho ya kikao ni soda. Wasiopenda soda hulipwa chapati kwa mama ntilie, ambaye naye ni mwajiriwa wa Altezza kwa njia ya daftari lenye jina langu. Pembeni ya baraza kuna kijana mmoja ambaye kazi yake sijawahi kuambiwa. Siku za malipo hakosi.

Tena Altezza inasomesha. Tunayo VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, yenye karakana, mitaala na vyeti. Altezza ina mwarobaini. Hapo kijana hujifunza kushusha injini kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa tawini, na siku moja hujikuta amehitimu kwa kuwa fundi mkuu hakutokea. Yule wa tochi niliyemkejeli hapo juu anajua mpangilio wa waya za gari lile kuliko mtu yeyote, na katika miezi yote niliyokuwa nikienda pale sijaona akilipwa mshahara. Analipwa nauli, na siku nyingine halipwi. Hilo sikupanga kulisifu.

Turudi kwenye utukufu. Fundi mkuu alitoa hukumu: 3S-GE nyingine nzima hutaipata kwa hela yako, ukiipata itakuwa imechoka kuliko hii. Tuweke 1G-FE ya GX 110. Mji umejaa hizo, spea zake ziko hadi vichochoroni, na Toyota wenyewe waliifunga kwenye Altezza ya AS200. Silinda 6, lita zile zile 2, farasi 160. Ukoo ni mmoja ila hawavai nguo moja: mauntingi si zile, gia boksi si ile, waya na kontrol boksi vyote vya kwake. Kwa hiyo nililipia silinda mbili za ziada ili nipunguziwe farasi 50. Sijui tafrija gani nyingine mjini inayotoza kiingilio namna hiyo.

Injini yenyewe tuliifuata Ilala, kwenye zile injini zinazoitwa za Dubai, zilizotolewa kwenye magari ya Japani, zikapita kwenye yadi za Sharjah, zikashuka kwetu ndani ya kontena. Zimepangwa sakafuni, zinang'aa kwa dizeli ziliyooshewa. Muuzaji alifungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole cha shahada ndani, akakitoa na kuniletea puani. Ninuse. Nikanusa. "Umeona? Haijafunguliwa hii." Akazungusha puli kwa spana, injini ikapumua, akaniangalia kwa macho ya daktari aliyeleta habari njema. Kisha akachukua rangi ya njano na kuipaka kwenye nati: zikiguswa hizi, dhamana imekufa. Dhamana yenyewe ilikuwa ya kuiwasha tu. Na kabla sijatoa pesa likaja swali ambalo kila mnunuzi wa nchi hii analijua: "Na risiti au bila risiti?"

Nikasema na risiti. Bei ikapanda, risiti ikatoka. Imeandikwa vipuri mchanganyiko, kiasi ni nusu ya nilicholipa, namba ya injini haipo. Itunzeni risiti hiyo, tutaihitaji.

Na mtu asiniulize kwa nini sikuagiza gari la miaka ya karibuni. Gari likishuka bandarini likiwa limezidi miaka minane linatozwa ushuru wa ziada kwa kosa la kuzeeka, na likizidi kumi ushuru unapanda tena. Nia ni njema, nchi isigeuke jalala. Lakini gari ambalo limekwisha kuingia huzeeka bure, hapa hapa, mbele ya macho ya kila mtu, na gari jipya linabaki kuwa la watu wengine. Matokeo yake mji mzima unatembea na miili ya mwaka 1998 iliyopandikizwa mioyo kutoka Sharjah, na wapandikizaji ni vijana wa chini ya miti ambao kila baada ya muda huambiwa wahame, kwamba wanaharibu mandhari. Wanahama. Magari ya walioandika barua ya kuwahamisha yanawafuata huko huko.

Sasa rangi. Gari lilikuwa silver, nikachagua bluu. Fundi rangi ni msanii, na sanaa yake ni puti. Mlango wa kushoto uliokuwa na kibonyeo cha ukubwa wa sahani ulijazwa puti, ukasuguliwa msasa wa 80, ukajazwa tena, ukasuguliwa wa 240, hadi ukawa mzuri kuliko ulivyotoka kiwandani, na mzito. Sumaku haishiki tena pale. Halafu praima, halafu msasa wa maji, yote kwa upole wa kupendeza. Siku ya kupiga rangi yenyewe kompresa iliwashwa mahali pa wazi, saa kumi jioni, upepo ukivuma, mita chache kutoka barabara ya vumbi. Klia ilikuwa bado mbichi lilipopita lori la mchanga. Ukiinama karibu na boneti, jua likiwa limelala, utaona chembe za mchanga zimezama humo, na karibu na taa ya kulia yupo mbu mmoja mzima mzima, mabawa yamefunguka, miguu yote ipo.

Mbu namkubali. Kisichovumilika ni raba za madirisha. Raba za madirisha hufunikwa kwa gazeti na gundi ya karatasi! Gazeti moja! Mtu mwenye uwezo wa kunyoosha mlango kwa jicho tupu anashindwaje kuweka gazeti? Nikamwonyesha bluu kwenye raba, bluu kwenye mpini wa mlango, bluu kwenye ukingo wa kioo. Akalowesha kitambaa thina, akasugua, raba ikageuka kijivu. "Hiyo mzee ikinyeshewa mvua inaondoka." Mvua imenyesha, vuli na masika.

Bajeti ile haikuingia ndani. Ukifungua mlango, fremu yake ni silver. Ukifungua boneti, chumba cha injini ni silver. Gari langu ni bluu likiwa limefungwa, na hili lilikuja kuwa suala la kisheria.

Kwa sababu kadi ya gari inataja rangi na inataja namba ya injini, na vyote viwili havikuwa kweli tena. Raia mwema huenda kubadilisha. Nilikwenda kwenye ofisi inayohusika, sitaitaja. Dirisha la kwanza walitaka fomu ya ukaguzi. Wa ukaguzi walitaka risiti ya injini. Nikaitoa risiti yangu. Inasema vipuri mchanganyiko, wakaniambia, injini iko wapi hapa? Nikarudi Ilala. Muuzaji akaniambia kwa huruma ya dhati kwamba mashine yake ya risiti haina sehemu ya kuandika namba ya injini, na kwamba wateja wenye busara hawachukui risiti.

Sikilizeni. Yule tunayehimizwa kila siku tumdai risiti ananipa nusu risiti, na anayeadhibiwa ni mimi niliyeidai. Aliyenunua bila risiti kalipa kidogo, kafunga injini, anaendesha na kadi yenye namba ya injini iliyouzwa chuma chakavu, na hakuna dirisha lililowahi kumsumbua, kwa sababu hajawahi kwenda dirishani. Wanaojulikana ni wanaojitokeza. Mkijiuliza kwa nini ajira zote za Altezza, kuanzia mshika tochi hadi fundi rangi, hazimo kwenye daftari la serikali, jibu ni hilo, na halihitaji semina ya hotelini.

Mwishowe dada mmoja wa ofisi ile alikubali kutoka nje kuliona gari. Akalizunguka. Akafungua mlango, akaangalia fremu, akaufunga, akaufungua tena.

"Kaka, hili gari ni silver."

"Nje ni bluu, dada."

"Sasa mimi niandike rangi ya gari au rangi ya nje?"

Nikamwambia aandike inayoonekana likiwa barabarani. Akaomba nifungue boneti. Akaitazama ile 1G-FE kwa muda, akagusa nati yenye rangi ya njano, akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yetu. Sauti ikashuka. Mume wake ana GX 110, imenoki tangu Ramadhani, iko juu ya mawe. Hii niliitoa wapi?

Nikamwambia Ilala.

"Na bila risiti wanauza shilingi ngapi?"