Mpemba Naye Alichekwa

Mtaani kwetu Tanga, mtu akishajulikana kwamba aliwahi kufundisha fizikia, hanywi tena kahawa yake ikiwa moto. Haulizwi sayansi, la. Angeulizwa sayansi ingekuwa neema. Anaitwa kuamua ugomvi, tena ugomvi ambao kila upande ulishachagua jibu lake tangu jana, umelala nalo, umeamka nalo, na sasa unamtaka Mwalimu aligongee muhuri. Ukisema kweli unampendeza mmoja na kumuudhi mwenzake. Ukisema "inategemea" unawaudhi wote wawili, na balaa la sayansi ni kwamba karibu kila kitu kinategemea.

Kazi nyingine huja kwa jina la msaada. Kwa majirani zangu, fizikia ni elimu ya kila chenye waya. Nimeitwa kwa king'amuzi kisichoshika chaneli, kwa pasi inayopiga shoti, kwa simu iliyotumbukia chooni (huyo nilimwomba aielezee akiwa mbali), na kwa jogoo anayewika saa nne usiku. Jogoo hana waya, lakini mwenyewe alisema ameharibika majira. Nikamwambia huenda ni taa kubwa za baa mpya ya jirani zinazomchanganya. Akaenda kugombana na mwenye baa kwa jina langu. Tangu hapo mwenye baa hajibu salamu yangu. Bia yake siihitaji, ila salamu ni salamu.

Wabishi wakuu wa kijiwe chetu ni watatu. Yupo kinyozi, ambaye kazi yake humpa wasikilizaji wasioweza kuondoka. Yupo dereva mstaafu wa malori, aliyefika kila mahali unapotaja, na kama hakufika basi alipita. Halafu yupo mzee tunayemwita Haji, ambaye bado hajaenda Hija ila ameshatuaga zaidi ya mara moja. Muuza kahawa hana upande. Ubishi ukikolea vikombe huongezeka, kwa hiyo ukimwona anakuunga mkono jua mjadala ulikuwa unaelekea kupoa.

Chukua lile suala la kivuli. Nilisema, kwa nia njema kabisa, kwamba sisi watu wa Tanga tupo kusini kidogo tu ya Ikweta, kama nyuzi tano hivi, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kabisa na kivuli cha mtu humezwa na miguu yake mwenyewe. Kinyozi akasema yeye amezaliwa hapa, amekulia hapa, na hajapata kupotelewa na kivuli hata siku moja. Tukapanga tupime Machi. Nikawaeleza vizuri kwamba tusitoke saa sita kamili. Saa za Tanzania zimewekwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, na sisi tupo kwenye nyuzi 39, jua linatufikia kwa kuchelewa. Ukijumlisha na yale mambo ya dunia kutokwenda kwa kasi moja mwaka mzima, na ule mwinamo wake, Machi jua linatukalia utosini kama saa sita na dakika 35.

"Kwa hiyo," dereva akauliza, "miaka yote hii nimekula chakula cha mchana kwa saa ya Wasomali?"

Saa sita kamili wote walikuwa katikati ya barabara, kila mtu ameinamia miguu yake, bodaboda zinawakwepa na kuwatolea maneno. Kivuli kilikuwapo, shibiri moja na kitu. Kinyozi akakipima kwa kitana, akatangaza matokeo, watu wakaanza kutawanyika. Nikawasihi wangoje nusu saa tu. "Mwalimu, wali unapoa," wakanijibu. Ilipofika saa sita na dakika 35 nilikuwa nimesimama barabarani peke yangu, sina kivuli, na shahidi wangu ni mbuzi.

Lakini silaha kubwa ya kijiwe ni Mpemba. Si mtu wa kisiwani. Ni Erasto Mpemba, na habari zake walizipata redioni, wakati mimi sipo hapo kuzisahihisha. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba. (Hapo dereva hudakia, "Juu hapo tu, Lushoto," kana kwamba ndiye aliyempeleka.) Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi ndogo, watu wengi. Mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mpemba naye akaona asizubae, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, yuko likizo, akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu hapa hapa Tanga mjini, naye akamwambia wao huweka ya moto makusudi ili iwahi kuganda. Kumbe wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua jambo ambalo mwalimu alisema haliwezekani. Mpemba akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Huko ndiko alikochekwa sawasawa: ikawa akikosea hesabu, darasa zima linasema hiyo ndiyo hesabu ya Mpemba. Siku moja akakuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye friji, akaona mwenyewe.

Halafu akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akanyanyuka kuuliza, wenzake wakaona aibu kwa niaba yake. Osborne hakumkatisha. Akarudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu kwamba kweli, ya moto ndiyo yaliyowahi, lakini akaahidi wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Nampenda sana fundi huyu. Angefika kijiweni kwetu wangemwachia benchi zima. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jina la Mpemba linatajwa duniani kote penye watu wanaobishana juu ya maji.

Ni historia ya kujivunia. Tatizo ni matumizi yake. Kinyozi anasema nywele zikinyolewa mwezi mchanga hazioti upesi. Namuuliza amelijuaje. Ananitazama kwa huruma: "Mwalimu, Mpemba naye alichekwa." Haji anasema betri ya simu ikichajiwa kwenye kivuli cha mwembe inadumu. Inadumuje, Haji? "Mpemba naye alichekwa." Siku dereva aliponiambia lori tupu hutumia dizeli nyingi kuliko lililosheheni, nilimkatiza kabla hajafika huko: nikasema ndiyo, alichekwa, lakini baada ya kuchekwa alikwenda kupima kwa bika mbili. Kijiwe kikanyamaza. Nikadhani nimeshinda.

"Basi na sisi tupime," akasema kinyozi. "Hayo hayo maji. Wewe si umesema inategemea?"

Ni kweli niliwahi kusema hivyo. Niliwaambia mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri kwa nini ya moto huwahi, yakaja maelezo zaidi ya 22,000. Wapo wanaosema maji ya moto hupungua kwa mvuke, kwa hiyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Wengine wanataja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, wengine jinsi maji yanavyozunguka chomboni, wengine wanasema ya baridi huweza kushuka chini ya sifuri yakakataa kuganda. Halafu mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakapima tena kwa makini, wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika kwamba ya moto hupoa haraka zaidi. Hata ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu unaweza kupata mshindi mwingine. Kinyozi alisikiliza yote hayo akinoa wembe. "Watu elfu ishirini na mbili," akasema mwishowe, "na hakuna hata mmoja mwenye friji?"

Friji mtaani kwetu, ile ya uhakika, ni ya mama muuza lambalamba, mlango wa pili kutoka kijiweni. Dereva akaenda kumbembeleza. Mama akakubali kwa sharti kwamba tusiguse mzigo wake. Mimi nikaweka masharti ya maabara: bakuli mbili za aina moja, maji ya kiasi kimoja, zikae usawa mmoja, na mlango usifunguliwe mpaka nitakaposema. Wakaitikia wote kwa pamoja.

Haji alifungua mlango kabla kahawa haijaletwa. Nilipomuuliza, akasema ameyajulia hali tu. Baadaye kinyozi akafungua kuona kama Haji hakubadilisha bakuli. Dereva akafungua kwa sababu kinyozi amefungua. Akaja mtoto kununua lambalamba, na huyo hatukuwa na uwezo wa kumzuia, ni mteja. Umeme ukakatika. Ukarudi. Muuza kahawa, aliyekuwa hajauza vile tangu siku ya mwandamo, akapendekeza turudie mwanzo.

Ikafika saa ya kutoa. Bakuli ya baridi ikatoka bila shida, juu ina utando mwembamba wa barafu. Ya moto haikutoka. Friza ya mama ilikuwa na ule ukungu wa barafu mnene wa friji za siku nyingi. Bakuli ya moto ilipowekwa ikayeyusha sehemu yake, ikazama, kisha ikagandiana na friza. Nikafurahi kweli, maana hilo nalo ni mojawapo ya maelezo: chombo cha moto hujitengenezea kitako kwenye barafu, kinagusana vizuri na chuma, baridi inapita upesi. Nilikuwa naeleza hayo nimewapa mgongo, namchorea Haji kwa kidole ukutani, niliposikia dereva anamwomba mama kisu.

Nilisema kwa sauti kubwa kwamba kuta za friza ndizo zenye mabomba ya gesi. Wote ni mashahidi.

"Mwalimu," dereva akanijibu, kichwa kiko ndani ya friji, "mimi nimebandua vitu vilivyoganda kuliko hivi, Makambako, mwezi wa saba."

Ikasikika *fssss*. Ndefu, ya kujiamini. Dereva akatoa kichwa polepole, kisu mkononi, bakuli bado imeng'ang'ania.

"Maji ya moto hayo," akasema Haji. "Yamepumua."

Ungedhani ubishi ungeishia hapo. Gesi inatoka, mama ameshika kiuno, na kinyozi anasema ya moto ndiyo iliyoshinda kwa kuwa ndiyo iliyokataa kutoka. Dereva anasema kukwama si kuganda. Wakanigeukia. Nikasema bakuli zote mbili maji yalikuwa bado yanacheza chini ya utando, kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Kinyozi akashauri itafutwe friji nyingine.

Fundi friji alikuja jioni na mkoba wake. Akatazama tundu, akatutazama mmoja mmoja, akasema ataliziba na kujaza gesi, akataja bei. Hapo ndipo palipozuka mjadala wa maana kuliko yote. Kinyozi alisema alipe aliyeshika kisu. Dereva alisema alipe aliyeleta wazo la kupima. Haji akasema kwa haki kabisa anapaswa kulipa Mpemba. Fundi alipoelezwa kisa chote akaweka chini bisibisi, akasema kuhusu ya moto na ya baridi yeye ana maoni yake, na muuza kahawa akamsogezea kikombe cha bure.

Wakati wote huo tulikuwa tumemsahau mama. Watu tumebishana mbele ya mlango wake kwa siku na siku, tumetaja Uingereza, tumetaja Iringa, na hakuna aliyewaza kumuuliza mtu anayegandisha kwa riziki. Mimi ndiye niliyemgeukia.

"Mama, wewe sharubati ya lambalamba unaiweka ikiwa moto au imepoa?"

"Ya moto," akasema. "Siku zote."

Kinyozi akapiga kofi pajani. Dereva akaangalia kando.

"Na inawahi kuganda kuliko ya baridi?" nikamuuliza.

"Nitajuaje?" akasema mama. "Sijaweka ya baridi hata siku moja. Watoto wanatoka shule saa sita, nangoja ipoe saa ngapi?" Kisha akatandika kanga yake juu ya kiti, akakaa, akanyoosha mkono kuelekea kijiwe kizima. "Haya. Pesa ya gesi."