Tanti Anajibu: Mbwa Mkali wa Miezi Saba

Mwezi huu sanduku la Tanti limejaa mbwa. Barua za ndoa zitasubiri. Waume waliohama wameshahama, lakini mbwa mdogo asiyepewa jibu leo, kesho anamaliza kiatu cha pili. Tanti si munganga wa wanyama. Ni mkaaji wa Bukama, kando ya Lualaba, anayesoma barua polepole na kujiuliza ni nani hasa mwenye tabia mbaya: anayelalamikiwa au anayelalamika.

*Tanti, jambo. Nauza bitoyo bandarini. Nilichukua mbwa, sasa ana miezi mitano, alinde magunia yangu usiku ninaposubiri gari moshi. Ndiye anayeyatoboa! Juzi kala samaki wawili wa chumvi, kanywa nusu ndoo ya maji, katapika juu ya mkeka wa mteja wangu. Nimfanyeje? — Mama Bitoyo*

Mama, fisi umempa bucha, sasa unashangaa nyama imepungua. Kabla hujashika fimbo, niambie mbwa huyo alikula nini asubuhi. Barua yako imetaja magunia, imetaja mkeka, imemtaja mteja, chakula cha mbwa haikukitaja hata mara moja. Basi nitakisia: bukari iliyogandamana chini ya sufuria, na sombe kidogo kama watoto walibakiza.

Bukari ya muhogo inashibisha, haijengi mwili. Mama wote wa Bukama wanaijua bwaki, wanajua mtoto anayelishwa bukari tupu anavyovimba miguu na nywele kubadilika rangi. Mbwa wa miezi mitano anakua mbio kuliko mtoto yeyote. Mwili wake unadai nyama, samaki, yai. Usipompa, pua yake itamwonyesha palipo, na wewe umemlaza kichwa juu ya gunia la samaki.

Una bahati ambayo wenzako wa mjini hawana. Balenieri zikifika kutoka Kisale na Upemba, vichwa na matumbo ya samaki wabichi hutupwa majini bure. Chukua, chemsha bila chumvi, toa miiba, changanya na bukari ikiwa bado laini. Mpe mara tatu kwa siku mpaka atimize miezi sita, kisha mara mbili. Matumbo ya mbuzi yaliyopikwa yanafaa. Mchuzi wenye kitunguu na kitunguu saumu usimmwagie, hivyo vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo itupe mbali, maana inapasuka vipande vyenye ncha na kuchana utumbo. Bitoyo zenyewe ni hatari kwa sababu ya chumvi: akiiba tena, mwekee maji safi ya kutosha, na ukimwona anayumba au anatetemeka, usingoje kukuche.

Jambo la pili, tazama gunia lenyewe. Pengine utakuta jino dogo kama punje ya mchele limenasa kwenye nyuzi. Mbwa anazaliwa bila meno, anaota 28 ya utoto, na kati ya miezi mitatu na saba yote yanang'oka kuyapisha 42 ya utu uzima. Wako yuko katikati ya shughuli hiyo. Ufizi unamwasha, lazima atafune, na kati ya gunia na mguu wa mteja amechagua gunia. Mpe kamba nene yenye fundo. Magunia yapandishe juu ya mbao.

Mwisho, dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa karibu wote wana minyoo, kwa kuwa huipata tumboni mwa mama na katika maziwa yake. Mbwa mwenye minyoo anakula kwa niaba ya wengi.

*Tanti, kwenye lango la lupango langu nimeandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu. Mbwa mwenyewe ana miezi saba. Nilimchukua akiwa na mwezi mmoja, nikamfunga waya hapohapo, na kila asubuhi nampa pilipili ndani ya bukari ili awe na hasira. Wezi walipokuja kuchukua baiskeli yangu, aliwasindikiza hadi barabarani akitikisa mkia. Mimi ameniuma mara mbili. Niongeze pilipili? — Papa wa Lango*

Papa, hao wezi ndio watu wa kwanza kumkaribia bila pilipili. Ungekuwa wewe, usingewasindikiza?

Pilipili inachoma kinywa, inachoma tumbo, inaleta kuhara. Ushujaa haileti. Ingekuwa inaleta, mashujaa wa nchi hii wangetoka wote kwa wauza pilipili, na vita zingeishia sokoni. Waya nao utakata shingo, na kidonda kitaingia nzi. Nunua mkanda mpana wa ngozi au sokota kitambaa kigumu.

Lakini kosa kubwa lilitangulia pilipili. Mbwa wa mwezi mmoja bado ni wa mama yake. Katika wiki nane za kwanza, akicheza na ndugu zake, ndipo anajifunza kuuma kwa kipimo: akibana sana, mwenzake analia na mchezo unakwisha. Wako hakupata wa kumlilia. Kisha, tangu wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na nne, mbwa anajaza daftari lake la dunia: nani ni mtu wa kawaida, sauti gani haina neno, mkono ukinyooshwa una maana gani. Katika daftari la mbwa wako kuna waya, kuna mlango, na kuna papa mwenye bakuli linalochoma. Ndiyo maana anakuuma wewe. Anawafahamu wabaya wake.

Nawe unataka alinde nini akiwa na miezi saba? Huyo ni kijana. Kulinda kunakuja na utu uzima, na kazi yake ni kukuamsha tu. Baiskeli inalindwa na kufuli. Usiku mfungue atembee ndani ya lupango. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtembeze mpaka sokoni, apite katikati ya watu, arudi amechoka. Mbwa asiyejua wageni wa kawaida hawezi kumtambua mgeni wa ajabu.

Na kama hofu yako ni kwamba habweki, usione haya. Mbwa wa Kongo aliyepata sifa duniani, yule Wazungu wanayemwita Basenji, habweki. Anatoa sauti ya kuimbaimba, na wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi porini. Mwaka 1895 mbwa hao walionyeshwa London kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts. Haukupita muda wakafa kwa distempa, ugonjwa ambao hawakuwa na kinga yake, na ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla wengine hawajafika Uingereza na kudumu. Distempa bado ipo na bado inaua watoto wa mbwa. Siku hizi kuna chanjo. Fedha ya pilipili uielekeze huko.

*Tanti, mimi ni mwanafunzi. Mbwa wangu wa miezi mitatu amejaa vijipu tumboni na miguuni. Kila kimoja kina tundu, na ndani ya tundu kuna kitu kinachungulia. Jirani anasema mbwa amerogwa ili ugonjwa wetu uhamie kwake. — Mwenye Woga*

Aliyeroga ni nzi. Anataga mayai yake kwenye mchanga wenye kivuli, hasa pale palipokojolewa, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini ya mwembe. Baada ya siku chache mayai yanaanguliwa, na vifunza vinangoja mpaka mwili wenye joto ulale hapo. Vinaingia ndani ya ngozi na kunenepa. Kinachochungulia ni funza anayevuta pumzi, naye kwa kupumua anatumia sehemu ya nyuma. Samahani kama ulikuwa unakula.

Unajua kwa nini nyanya yako anapiga pasi ya makaa kila kitu, mpaka soksi, mpaka nepi, mpaka kitambaa cha kufutia sahani? Anaunguza mayai ya nzi huyo. Mbwa hapigwi pasi, kwa hiyo piga vita mahali anapolala. Gunia lake lifue, likauke juani pande zote mbili, zoa mchanga, mwinue juu ya ubao. Vijipu vilivyopo vipake vazelini nyingi hadi tundu lizibe. Funza akikosa hewa atapanda mwenyewe. Hapo bana taratibu kutoka pande mbili kwa kitambaa safi, atoke mzima. Usimpasue ndani, kidonda kitaoza. Kisha sabuni na maji. Vikiwa vingi sana au mbwa amelegea, mpeleke kwa munganga.

Angalia pia katikati ya vidole vyake, maana tekenya ni mdudu mwingine na dawa yake ni kumtoa na kufagia. Huyo hata si mwenyeji. Aliletwa Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima ndani ya miguu ya wapagazi. Jirani akitaka kumtafuta mchawi, aanzie bandarini Angola.

*Tanti, mbwa wetu wa miezi minane, hajachanjwa, amemng'ata mtoto wa jirani mkononi. Bibi ameunguza nywele za mbwa akaziweka juu ya kidonda. Baba anataka kumuua mbwa leo hii. Mama anasema tungoje tuone kama mtoto atapata homa. Nani ana haki? — Mkubwa wa Watoto*

Hakuna. Na barua hii sitaifanyia mzaha.

Toa hizo nywele. Osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Mtu ashike saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani. Halafu mtoto aende kituo cha afya leo, akaanze chanjo. Kichaa cha mbwa kinaweza kukaa kimya mwilini wiki kadhaa, hata miezi, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Ndiyo sababu neno la mama, “tungoje”, ni baya kuliko yote matatu. Wakati wa kuokoa mtu ni huu ambao anaonekana mzima. Mwaka 1885 Pasteur kule Paris alimchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mara nyingi; hakuwa na dalili yoyote bado, na aliishi.

Mbwa msimuue. Mfungeni mahali pa salama, mpeni chakula na maji, mumtazame siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akitoa ugonjwa siku alipong'ata, na munganga ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Akifa, au akigeuka tabia, akidondosha mate, akishindwa kumeza, kimbieni kutoa habari. Ila chanjo ya mtoto isingoje siku hizo 10.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, akarudiwa baada ya mwaka, kisha kadiri munganga atakavyosema. Najua mtasema dawa iko mbali. Inataka ubaridi wa digrii 2 hadi 8, inasafiri ndani ya termosi yenye barafu juu ya pikipiki, na kumwita munganga kwa mbwa mmoja ni gharama. Basi msimwite kwa mbwa mmoja. Andikeni mbwa wa avenyu nzima, changeni. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho, 99 kwa 100, waling'atwa na mbwa, kwa hiyo mbwa kumi wakichanjwa, watoto wa avenyu nzima wamechanjwa nusu.

*Tanti, mbwa wangu anarukia Lualaba kila jioni kufuata mitumbwi. Mke wangu anaogopa. Mimi namwambia wazee walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. — Mvuvi*

Wazee walisema maji. Mamba hawakumtaja. Mfunge kamba, mwogeshe kwa beseni, na umsikilize mke.

*Tanti, jirani ana deni langu tangu Noeli. Nikampa mbwa wangu jina: Lipa-Deni-Langu-Bwana. Kila usiku namwita kwa sauti kubwa karibu na ukuta. Sasa jirani amenishitaki kwa shefu wa kartie, eti namtukana. Na mbwa mwenyewe nikimwita haji! — Mdai*

Nitaanza na mbwa, yeye hana deni. Jina la silabi nane si jina, ni hotuba. Na analisikia usiku tu, kwa hasira, likielekezwa ukutani, bila chochote kufuata. Kwa nini aje? Mwite Lipa. Silabi mbili, sauti ya furaha, na kila anapofika apate kipande cha samaki. Anza hatua tatu mbali, ongeza kidogokidogo. Akichelewa usimpige, la sivyo utamfundisha kwamba kukujia kunaumiza. Fanya mara chache kwa siku, muda mfupi, wakati ana njaa.

Siku ya kesi nenda naye kwa shefu, samaki mfukoni. Jirani akilalamika, sema hilo ni jina la mbwa tu, kisha ita: “Lipa!” Mbwa akija, kesi imekwisha. Akija jirani, pokea fedha, hesabu mbele ya shefu, na samaki mpe mbwa.