Muulize Mjomba: Ukishatua Lodwar

Barua za wiki hii zimetoka kwa watu wenye tiketi mkononi na mipango kichwani, na vitu hivyo viwili havijawahi kukutana. Nimezijibu nikiwa nimeketi chini ya mgunga, mkabala na uwanja wa ndege wa Lodwar, ninapowaona wasafiri wakishuka ngazi, wakipigwa na joto la Turkana usoni, kisha wakiangaza macho kumtafuta mtu ambaye hawakumpigia simu.

"Mjomba, natoka Mombasa kwa ndege, natua JKIA saa nne asubuhi. Ndege ya Lodwar inaondoka Wilson saa tano kasorobo. Kote ni Nairobi. Nitawahi?" Mwepesi, Likoni.

Mwepesi mwanangu, kote ni Nairobi kama vile Likoni na Nyali kote ni Mombasa, na wewe feri unaijua. Kati ya viwanja hivyo kuna kama kilomita 15, na hakuna wa kukuhamishia begi. Utalingoja kwenye mkanda wa mizigo, utatafuta teksi, utaomba Mungu lori lisiwe limelala njiani, kisha upange foleni upya kama mtu aliyetoka nyumbani. Tiketi zako ulizinunua mbalimbali, kwa hiyo hazijuani: ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nawe. Acha nafasi ya masaa manne, au ulale Nairobi kwa shangazi yako, yule unayemkwepa.

"Shikamoo Mjomba. Nimerudi juzi baada ya miaka 18 Marekani. Tiketi iliandika kufika Lodwar 8:10. Nikamwandikia dereva wa Kakuma kwa Kiswahili safi: nichukue saa nane na dakika kumi. Nilikaa juani masaa sita. Alipofika alinisalimu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimlipe?" Mwenye Uchungu, Kakuma.

Marahaba. Mlipe, tena umwongezee ya chai. Mtu huyo alifika saa nane na dakika kumi, kamili, jambo ambalo hapa si wengi walioliona kwa macho yao. Aliyekosea ni wewe, uliyeichukua saa ya tiketi ukaivisha kanzu ya Kiswahili bila kuipima. Tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza jua linapochomoza, na hapa karibu na ikweta jua halibadilishi sana ratiba yake mwaka mzima, tofauti na mashirika ya ndege. 8:10 ni saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Kumbe ndiye wewe! Nilikuona siku ile, umeketi juu ya sanduku la bluu, ukikifuata kivuli cha nguzo kila kilipohama. Ilipotimu saa sita kivuli chenyewe kikaisha, nawe ukabaki unaitazama nguzo. Nikadhani ni mtafiti. Watafiti huwa wengi huku tangu mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alipookota kipande cha fuvu la mtu wa kale kule Nariokotome mwaka 1984, na wao pia hukaa juani muda mrefu bila sababu ya kuonekana.

Siku nyingine mwandikie dereva saa kwa Kiswahili, uongeze neno "asubuhi", kisha chini yake uweke tarakimu za tiketi kama zilivyo. Jioni ya kuamkia safari mpigie, akusomee yeye. Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi. Gari lake linapaswa kung'oa nanga kabla ya ndege yako, kwa hiyo ujumbe wa "ndio napanda sasa" ni salamu tu, haumsaidii kitu.

"Nimelipia chumba Loiyangalani. Kwenye ramani ni ng'ambo tu ya ziwa. Bodaboda kutoka uwanjani ni pesa ngapi?" Bi Harusi Mtarajiwa, Nakuru.

Mwanangu, vijana wa bodaboda wa Lodwar ni mashujaa, lakini sijamwona anayeendesha juu ya maji. Wewe unatua magharibi, Kaunti ya Turkana. Loiyangalani iko ufuo wa mashariki, Kaunti ya Marsabit. Katikati limelala Ziwa Turkana, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, na daraja halina. Kijana wa Kalokol, upande huu wa ziwa, atakuambia ana boti, na kweli anayo. Ila upepo wa ziwa hilo ndio uliowafanya watu wasimike mitambo 365 ya umeme jirani na hiyo Loiyangalani yako, na hakuna anayesimika mitambo 365 kwa ajili ya upepo wa feni. Boti ya Kalokol ikupeleke Kisiwa cha Kati kuona mamba, na nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Loiyangalani pitia Isiolo hadi Laisamis, ushike ile barabara ya zaidi ya kilomita 200 iliyotengenezwa kusafirisha mitambo hiyo. Kama njia ya Lodwar ilichaguliwa na bwana harusi, niandikie barua nyingine.

"Probox ya kwenda Eliye Springs ni nusu ya bei ya Land Cruiser. Kuna ubaya?" Mbana Pesa, Eldoret.

Hakuna, hadi mtakapoiacha barabara ya Kalokol na kuingia mchangani. Baada ya hapo utakuwa unapunguza upepo wa tairi na kutandika makuti ya mkoma, huku wa Land Cruiser wakikupungia mkono.

"Mjomba, ndege ya mchana kutoka Lodwar iliniacha bila begi. Eti joto! Joto na begi wapi na wapi? Ndani mna samaki wakavu wa mama mkwe, kilo 30." Mkwe Mwema, Kitale.

Hewa ikipata joto huwa nyepesi, bawa linabeba kidogo na injini inachoka, basi rubani hupunguza uzito. Abiria hupiga kelele, begi halipigi. Kwa ndege ndogo kilo 15 ni kawaida. Wewe ulibeba soko. Panda ndege ya asubuhi siku nyingine. Begi lako liko hapa ofisini, nalinusa kutoka mgungani. Tuma mtu alichukue leo, paka wameanza kulizunguka.