Betri Iuzwe kwa Gramu

Huku mwambao wa Ziwa Nyasa hakuna anayenunua dagaa kwa picha. Mnunuzi huwashika, humvunja mmoja, hunusa, huonja kama wana mchanga, ndipo aulize bei. Na bei akishaikubali, bado hatoi hela mpaka aone sado imejaa na kichwa juu. Mtu huyohuyo, betri ya kompyuta mpakato yake ikifa, anashika simu, anaona picha iliyopigwa kiwandani China, chini yake imeandikwa "Original 100%, mikoani tunatuma, malipo kabla", na baada ya dakika tano hela imeshakwenda, tena na ya kutolea. Nina hoja moja tu, na najua kuna watakaoicheka: betri nayo iuzwe kwa mizani. Kabla muuzaji hajaulizwa bei, aulizwe gramu.

Tuanze na kilichomo ndani. Betri nyingi za laptopu za zamani, zile zinazochomolewa kwa chini au kwa nyuma, zimejaa seli za mviringo ziitwazo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Kila seli ina gramu 45 hivi, na hata iliyo bora kabisa haizidi sana mAh 3500. Seli zikiwa sita, hupangwa jozi tatu: kila jozi inatoa volti 3.7, zote zinafika 11.1, na uwezo wa betri nzima ni ule wa jozi moja, yaani mAh 7000 ukiwa na bahati ya mtende. Kwa hiyo stika inayotangaza "seli 6, mAh 9000" imeandikwa na mtu mkarimu. Kuna na stika zinazojikana zenyewe. Volti 11.1, mAh 5200, Wh 48. Zidisha 11.1 kwa 5.2 upate 57.7, halafu jiulize zile Wh karibu kumi zimeshukia kituo gani. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini aliyechapa stika alijua hakuna atakayeifanya akiwa na furaha ya kupata punguzo. Hata kompyuta yenyewe si shahidi wa kutegemea sana, maana ule uwezo wa kiwandani inaokuonyesha inausoma kwenye chipu ya betri, na chipu husema ilichoandikiwa.

Gramu ni ngumu kuzidanganya. Seli sita pekee ni gramu 270. Weka plastiki, nyaya na saketi, unavuka 300. Betri ya "seli sita" yenye gramu 190 ama ina seli pungufu, ama ina seli ambazo hazikushiba. Kwa laptopu mpya zaidi, ambazo betri yake ni bapa na imefungwa ndani kwa skrubu, usihangaike na hesabu za 18650. Ichomoe ile mbovu, ipeleke kwa Mangi, aipime kwenye mizani yake ya kidijitali anayopimia sukari ya robo. Betri ikifa haipungui uzito. Andika gramu zake pamoja na namba iliyopo kwenye mgongo wake, na namba hiyo uinakili herufi kwa herufi: EliteBook 840 ya G2 inatumia CM03XL, ya G3 inatumia CS03XL, na kwa kosa la herufi moja kifurushi kitasafiri kutoka Dar mpaka ziwani kuja kukuonyesha kwamba hakiingii.

Wapo watakaosema shida yote hii ya nini, nenda Mbinga, kilometa 66 za lami, au fika Songea ukanunue dukani kwa kushika. Kushika ni kuzuri, ila betri iliyofungwa haisemi kitu mkononi zaidi ya uzito wake, kwa hiyo tumerudi kwenye mizani. Tena betri ya dukani Songea mara nyingi imetoka Kariakoo kwa basi lilelile ambalo lingekuletea ya mtandaoni, ila yenyewe imeongezewa kodi ya fremu.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema: nunua original, mjadala uishe. Ningekubaliana nao kama laptopu zetu zingekuwa za mwaka huu. Nyingi ni mitumba ya Ulaya na Dubai, na kwa mashine ya miaka kumi, kiwanda kinaweza kuwa kimeshaacha kutengeneza betri yake. Ile original inayopatikana, kama kweli ni original, imekaa stoo miaka. Na betri ya lithiamu huzeeka hata bila kuguswa, hasa ikihifadhiwa imejaa chaji mahali penye joto. Kwa mashine kama hiyo, betri ya kampuni nyingine iliyotengenezwa juzi na yenye gramu zake kamili ina faida kuliko original iliyozeekea kwenye boksi. Jina kubwa nalo si kinga ya kila kitu: Sony ndio waliotangulia kuingiza sokoni betri za lithiamu-ioni, mwaka 1991, na seli zao ndizo zilizomo katika betri milioni 4.1 ambazo Dell iliziita zirudishwe mwaka 2006 kwa hofu ya moto.

Kuna wanaouliza betri ya nini, si uchomeke tu ukutani, maana Songea iliingia gridi ya taifa mwaka 2018. Hao hawajawahi kuandika muhtasari wa kikao cha kijiji wingu likiwa limejikusanya juu ya ziwa. Niongeze kwamba mwambaoni tunahitaji kuchagua betri kwa makini kuliko jirani zetu wa milimani, kwa sababu joto ni adui wa lithiamu. Nyasa ilipata wilaya yake kutoka Mbinga mwaka 2012. Baridi walibaki nayo wao.

Msomaji mjanja atasema wauzaji wakijua tunapima watajaza mchanga. Hilo halijibiwi kwa kucheka, kwa sababu zipo pawabenki bandia zilizopasuliwa zikakutwa na mchanga kweli. Dawa yake ni saa. Betri ya Wh 48 kwenye laptopu inayokula wati 12 inatakiwa ikae saa nne; ijaze, chomoa chaja, fanya kazi zako, tazama saa ya ukutani na si ile asilimia ya kwenye kioo. Ikizima baada ya dakika hamsini, una ushahidi. Shida ni kwamba waranti ya siku saba huhesabiwa tangu ulipolipa, na kifurushi kinaweza kulala Songea au kubaki chini ya kiti cha kondakta mpaka akumbuke kupiga simu. Kwa hiyo dai siku saba zianze pale unapokipokea stendi, na makubaliano yawe ya maandishi, si sauti ya "usijali boss".

Swali la gramu lina faida moja zaidi, nayo mimi naiona kubwa kuliko zote. Wengi wanaouza mtandaoni hawana betri. Wana picha ya betri ya mwenzao, na wakishalipwa ndipo wanakimbia dukani kutafuta inayofanana. Mwenye betri mkononi hashindwi kuiweka kwenye mizani na kupiga picha nyingine, stika ikisomeka na tarakimu za gramu zikionekana. Asiye nayo ataanza kukasirika. Akikujibu kwamba anauza betri, hauzi nyama, mwambie bucha halitakuwa mbali na hapo alipo, akaazime mizani.